Kamera kubwa, kamera ndogo: niliyoyapata nikipiga picha za kila siku Unguja na Pemba

Kamera zangu mbili zina kihisi, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, cha ukubwa mmoja, na kila moja ina megapikseli 24. Ya kwanza ni Nikon D3300, DSLR iliyotoka mwaka 2014, aina ile yenye kioo ndani na lenzi za kubadilisha. Ya pili ni Ricoh GR III ya mwaka 2019: inaingia mfukoni, lenzi yake ni moja tu, haibanduki, wala haivuti kitu cha mbali. Ukiniwekea mezani picha mbili zilizochapwa, moja ya hii na moja ya ile, mara nyingi nitashindwa kukwambia ipi imetoka wapi. Lakini muulize mtoto yeyote wa mtaani kwetu Kikwajuni, atakutajia tofauti yake hapo hapo: kubwa ni "ya harusi", na ndogo "hiyo si kamera". Namna watu wanavyoiona kamera ndiyo iliyonifunza mengi kuliko vijitabu vyote vya maelekezo.

Mimi ni mwalimu wa skuli, sipigi picha kwa biashara. Ninachokipiga ni maisha yetu: watoto wakitoka chuoni jioni na misahafu kifuani, mama akisuka ukili, wazee barazani na bao lao, karafuu Wete, kule Pemba, tunapokwenda kwa ndugu zetu wakati wa kuchuma. Vijana wengi, hasa wasichana, huniuliza wanunue ipi. Ushauri mwingi wanaousoma unatoka kwa watu wa miji ya baridi, ambako hewa haina chumvi na hakuna anayekusimamisha njiani kukuuliza wewe mtoto wa nani.

Nilianza na kubwa. Niliinunua Dar es Salaam ikiwa imeshatumika, pamoja na lenzi yake ya kuvuta ya 18-55, kwa shilingi 750,000. Muuzaji aliniapia kwamba mwenyewe wa mwanzo aliitumia likizo tu. Kamera za Nikon huandika ndani ya kila picha idadi ya mara ambazo kamera imeshapiga, na zipo programu za bure za kuisoma. Niliposoma yangu nyumbani ilikuwa inakaribia 70,000, na aina hii ilijaribiwa kiwandani kwa mara 100,000. Mpaka leo inapiga, alhamdulillah, lakini kwa idadi hiyo bei ya haki ingekuwa chini zaidi. Kwa hivyo ukienda kununua Nikon iliyotumika, chukua memori kadi yako, piga picha moja pale pale dukani na uisome idadi kabla hujatoa pesa. Muuzaji akikataa, toka. Canon nyingi haziandiki idadi hiyo ndani ya picha, hivyo kwa hizo tazama kuchakaa kwa mpira wa kushikia na vitufe, na usikilize mlio wake.

Jambo la pili la kuangalia ni lenzi. D3300 na ndugu zake wadogo hawana mota ndani ya mwili wa kamera ya kuisukuma lenzi itafute shabaha. Lenzi lazima iwe na mota yake mwenyewe, zile zilizoandikwa AF-S au AF-P. Madukani zimejaa lenzi za 50mm zenye herufi D, bei yake nzuri, na kioo chake kizuri kweli, ila ukiifunga kwenye D3300 utaizungusha kwa mkono kila picha. Mimi nilichukua 35mm AF-S yenye tundu la mwanga la f/1.8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga mwingi unaingia), na ndiyo iliyokaa kwenye kamera siku nyingi. Ile 18-55 ya asili inakosa mwanga jua likizama tu, kwa sababu ukiivuta tundu lake linabana mpaka f/5.6.

Sasa njoo sokoni Darajani na kamera hiyo shingoni, nawe ni mwanamke, umevaa buibui.

Hatua chache tu utaulizwa unatoka gazeti gani. Muuza samaki anasimama wima, anaweka kisu chini, anapangusa mikono. Kijana wa mananasi anataka kujua picha inakwenda wapi na yeye atapata nini. Watoto wanajipanga mstari bila ya kuambiwa. Mama mmoja anajifunika uso kwa ncha ya mtandio na kukutazama kwa jicho la lawama, ingawa hukumlenga yeye. Kila nilichokuja kukitafuta, ile kazi inayoendelea, mkono unaopara samaki, mabishano ya bei, kinasimama kama maji yaliyofungwa bomba. Nilirudi nyumbani na picha nyingi za watu wanaonitazama mimi.

Hilo liliniudhi muda mrefu, mpaka bibi yangu aliponifungua macho. Picha anayoithamini kuliko zote nyumbani kwetu ni ya ujana wake, amekaa kitini, nywele zimetiwa mafuta, macho yameelekea mbele. Ilipigwa studio. Mjini kwetu studio zina historia ndefu: Capital Art Studio, aliyoianzisha mpiga picha Ranchhod Oza mwaka 1930, bado watu wazima wanaitaja kama mahali palipohifadhi sura ya mji. Kwenda kupigwa picha kulikuwa na maandalizi yake. Mtu alioga, akavaa, akaenda. Bibi ananiambia: "Usinipige nikiwa nakuna nazi, mjukuu wangu. Ngoja nijitengeneze." Mzee wa namna hiyo ukimletea kamera ndogo ya mfukoni anahisi hukumheshimu. Ukimletea kubwa, ukamtafutia kiti, ukamweka penye kivuli cha mlango, ukahesabu moja mbili tatu, amepata haki yake. Picha zote nzuri nilizonazo za wazee wetu zimetoka kwenye D3300 na ile 35mm, na wengi wao ndio waliochagua nguo na mahali pa kukaa. Siku hizi sioni kwamba mtu kujiweka sawa mbele ya kamera kunaiharibu picha.

Masika yakaja, na hapo nikalipia somo jengine. Kamera ilikuwa inakaa ndani ya mkoba mzuri wa ngozi, kabatini, pamoja na nguo. Siku moja naiangalia lenzi ya 18-55 kwa kuielekeza dirishani, naona ndani ya kioo kama utando wa buibui uliotandaa kutoka pembeni. Kuvu. Hewa yetu ina unyevu mwingi mwaka mzima, masika ndiyo kabisa, na kuvu wa lenzi anachohitaji ni unyevu, giza na hewa iliyotuama. Ngozi na sponji za mikoba huvuta unyevu na kuushikilia, yaani nilikuwa nimemjengea nyumba. Fundi wa Dar aliifungua na kuisafisha kwa shilingi 80,000, na nauli ya boti juu yake. Akaniambia kweli kwamba kuvu akishaanza kuula ule upako wa kioo, alama haitoki. Yangu imebaki na kovu dogo, nikipiga kuelekea jua naliona.

Tangu hapo vifaa vyangu vinakaa kwenye kontena la plastiki la kuwekea chakula, lenye mpira unaobana kifuniko, pamoja na silika jeli, zile punje za kuvuta unyevu, ya kutosha na kipimo kidogo cha unyevu. Ninautaka usomeke kati ya asilimia 40 na 50. Ukishuka chini sana nao si mzuri, grisi na mipira hukauka. Nunua silika ile yenye punje zinazobadilika rangi, ili ujue imeshashiba; unaikausha kwa moto mdogo kwenye kikaango mpaka rangi irudi. Mchele watu wanaoushauri una vumbi, na vumbi la wanga linaweza kumlisha kuvu. Zaidi ya yote, itumie kamera. Lenzi inayotoka nje kupata mwanga na upepo haioti haraka kama ya kabatini. Kila kitu pamoja hakikufika shilingi 60,000, chini ya gharama ya kusafisha lenzi ile moja.

Ricoh nililetewa na binamu yangu aliyetoka Muscat. Ilinigharimu zaidi ya shilingi milioni mbili, pesa za upatu za miezi, na nyumbani yalizungumzwa sana. Kaka yangu aliishika, akaigeuzageuza, akasema kwa bei hiyo alitegemea kitu kikubwa zaidi. Uzito wake pamoja na betri na kadi ni gramu 257. Nikon na lenzi yake ya kawaida inapita gramu 650. Inakaa kwenye pochi, chini ya buibui, na hakuna anayejua kama unayo.

Wiki za mwanzo nilikaribia kuiuza. Haina kitundu cha kuchungulia, unapigia kwa skrini tu, na saa sita mchana pale Forodhani skrini huioni. Unaona uso wako mwenyewe na mawingu. Nikon jua likiwaka vipi unatia jicho kwenye kitundu na dunia iko pale, wazi, haili hata betri. Na betri yenyewe ndiyo maudhi zaidi: ya Ricoh kiwanda kinasema takriban picha 200, ya D3300 takriban 700. Ukitoka asubuhi bila ya betri ya akiba, adhuhuri ushamaliza. Kilichoniokoa ni kwamba inachajiwa kwa waya wa USB-C, hivyo pawabenki ya simu inatosha, wakati Nikon inataka chaja yake na soketi ya ukutani. Kwa Pemba, umeme ukikatika, hilo lina maana kubwa.

Kisha lenzi. Mtazamo wake ni mpana, ule wanaouita 28mm, na huwezi kuvuta. Mtu aliye ng'ambo ya barabara anatoka mdogo kama punje. Ukimtaka mtu kwenye picha lazima umfikie, umkaribie mpaka mnaweza kupeana mikono. Na kwetu huwezi kumfikia mtu kiasi hicho ukakaa kimya. Utatoa salamu, utauliza habari za nyumbani, utaulizwa za kwenu, pengine utakaribishwa kahawa. Nikon yenye lenzi ya kuvuta ilinizoesha kusimama mbali na kuchukua. Hii ilinilazimisha kubisha hodi. Picha zangu zikapungua idadi, na waliomo ndani yake karibu wote nawajua kwa majina.

Wete ndipo nilipoielewa. Baada ya isha, ukumbini kwa ami yangu, karafuu za siku ile zimemwagwa juu ya jamvi na nyumba nzima imelizunguka: khalati, wake wa kaka zangu, watoto, jirani wawili. Wanachambua. Unashika kishada kwa mkono wa kushoto, unakipitisha kwenye kiganja cha kulia, karafuu zinabaki huku na makonyo yanatupwa kule, na vidole vinapata rangi na harufu isiyotoka kwa sabuni. Taa moja tu juu. Maneno hayakatiki: nani kaposwa, nani karudi kutoka Arabuni, bei ya mwaka huu. Ricoh nilikuwa nimeiweka kwenye ulengo wa kudumu wa mita moja na nusu. Ukiiweka hivyo kamera haitafuti shabaha tena, unabonyeza na picha imepigwa. Ulengo wake wa kawaida kwenye giza hupapasa na kuchelewa, kwa hiyo usiutegemee usiku. Tundu f/2.8, ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) 3200, na kihisi chake kinajitikisa kinyume na mkono wako, hivyo hata ikipiga polepole picha haichezi. Nikawa nachambua na mimi, napiga, nachambua. Hakuna aliyenyanyua kichwa. Mwaka wa nyuma yake nilikaa jamvini hapo hapo na Nikon, na kile kioo chake kilipopiga "kla!" mazungumzo yalikatika, mtoto akaanza kujichekesha, khalati akavuta kanga kichwani. Picha za mwaka ule zina karafuu na watu, lakini yale mazungumzo hayamo.

Ningeishia hapo ningesema nunua ndogo, basi. Wengi ndivyo wanavyosema. Lakini lilinifika jambo ambalo limegeuza kabisa mawazo yangu.

Kulikuwa na shughuli ya wanawake, mtoto wa khalati anaolewa. Wanaojua shughuli za kwetu wanajua: mlango ukishafungwa mabuibui yanavuliwa, nywele zinaachwa, watu wanacheza kwa raha zao kwa sababu wako wenyewe. Simu zilikusanywa mlangoni. Mimi niliruhusiwa kupiga kwa sababu ni wa nyumbani, nikaenda na Ricoh, nikifikiri kadogo hakatamsumbua mtu. Baada ya muda nikaona kila ninapopita watu wanatulia. Mmoja aliuliza kwa sauti, "Hiyo imepiga au haijapiga?" Hakuna aliyeweza kujua. Kamera haina mlio wa maana, haina kioo kinachonyanyuka, naishika kifuani kama simu. Khalati akaja akanishika mkono, kwa upole kabisa: "Mwanangu, hicho kidude sikitaki humu. Nenda kachukue lile kubwa, tukiliona limenyanyuliwa tujue tunapigwa."

Iliniuma, maana wote mle ndani wananijua tangu mdogo. Lakini alikuwa na haki. Niliporudi na Nikon, ukumbi ukafunguka. Ikiwa usoni kwangu, asiyetaka anageuka au ananipungia mkono. Anayetaka anakuja mbele na kucheza zaidi. Ikiwa imening'inia shingoni, wote wanajua wako salama. Ule ukubwa na ule mlio nilioulaumu Darajani na Wete, hapa ndio uliowapa wanawake wale uwezo wa kukataa. Kamera isiyoonekana inampa nguvu aliyeishika peke yake.

Tangu siku ile nimeweka taratibu zangu, na ninakuomba msomaji uzifikirie, hasa kama unapiga wanawake na watoto. Kwenye shughuli natumia kubwa, bila ya mjadala. Memori kadi ni ya mwenye shughuli, ananunua yeye, na mwisho namkabidhi mkononi. Picha hazipiti kwenye kompyuta yangu mpaka aseme. Anayeniomba nimfute, nafuta akitazama. Na kama ni lazima utumie Ricoh mahali pa faragha, ujue kwamba ina hifadhi yake ya ndani, kiasi cha gigabaiti 2, na ukisahau kuweka kadi inaandika humo. Mtu anaweza kukabidhi kadi kwa moyo safi na picha zikabaki ndani ya kamera. Ifute mbele ya wenyewe. Mtaani nako nimewasha mlio wa kamera, na baada ya kupiga namgeuzia mtu skrini aone. Bandarini, kambini na kwenye majengo ya serikali sitoi yoyote, ndogo wala kubwa.

Jambo jengine ambalo halimo kwenye ushauri wa watu wa mbali ni nguo zetu. Kipimo cha mwanga cha kamera kinaichukulia kila picha kama ina weusi na weupe wa wastani. Mtu wa buibui akijaa kwenye picha, kamera inaona giza, inaongeza mwanga, na uso wake unatoka umepauka kama uliopakwa unga. Mtu wa kanzu mbele ya ukuta wa chokaa, kinyume chake: kamera inapunguza, uso unakuwa mweusi usioonekana macho. Dawa ni kile kitufe cha kuongeza na kupunguza mwanga. Kwa buibui napunguza hatua moja, pengine theluthi mbili. Kwa kanzu na chokaa naongeza kiasi hicho. Sikukuu, Mnazi Mmoja, baba wa kanzu na mama wa buibui wamesimama pamoja na watoto wa nguo za kumeremeta, hapo piga kwa RAW, faili ghafi linalokuachia nafasi ya kurekebisha mwanga baadaye, na uulinde uso. Ricoh ina faida yake hapa: skrini inakuonesha mwanga utakavyokuwa kabla hujabonyeza. Kwenye kitundu cha Nikon unaona ulimwengu kama ulivyo, na matokeo unayajua baadaye. Kwa mwanafunzi anayeanza, kuona kabla kunafundisha haraka.

Vumbi na mchanga nitayasema upesi. D3300 ikiingia vumbi unatoa lenzi, unapuliza kwa kipulizio cha mpira, kazi imekwisha. Lenzi ya Ricoh inatoka na kuingia kila ukiwasha na kuzima, na kwa njia hiyo inaweza kuvuta vumbi mpaka kwenye kihisi. Kuna mtikiso wa ndani wa kulikung'uta, lakini lililoganda halitoki, na lenzi haifunguki kwa mikono ya nyumbani. Yangu ilipata doa pwani ya Paje, siku ya upepo wa kusi, nikipiga kinamama wa mwani. Halionekani mpaka ubane tundu kupita f/11 na mbingu iwe nyeupe, kwa hiyo mimi naishia f/8. Pwani siiwashi na kuizima ovyo; naiwasha nimeupa upepo mgongo, na ikizimwa inarudi kwenye mfuko wa zipu. Zote mbili hazikuzibwa dhidi ya maji. Kwenye boti ya Mkoani, bahari ikichafuka, zikae begini. Ukifika pangusa mwili wa kamera kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kikavu. Na ukitoka ofisi yenye kiyoyozi, iache begini nusu saa kabla ya kuitoa kwenye joto, vinginevyo kioo kinatoa jasho.

Mchezo wa ng'ombe, ngalawa zikishindana, mpira wa miguu: kubwa na lenzi ndefu, hakuna mazungumzo. Ng'ombe aliyekasirika si wa kukaribiwa kwa 28mm.

Kwa wenye pesa zaidi, ipo njia ya kati, kamera za Fujifilm za X100. Ya kwanza ilitoka mwaka 2011. Lenzi yake nayo ni moja, f/2, ila mtazamo ni mwembamba kidogo kuliko wa Ricoh, unaokaribia 35mm, na ina kitundu cha kuchungulia kinachomaliza tatizo la jua la Forodhani. Haiingii mfukoni kama Ricoh, na watu wanaiona, jambo ambalo sasa nalihesabu kuwa ni sifa. Bei yake ndiyo inayonizuia.

Aliye na simu nzuri ajue pia kwamba mtazamo wa kamera kuu ya simu nyingi unakaribiana na wa Ricoh. Kihisi cha Ricoh ni kikubwa zaidi, na usiku kama ule wa karafuu utaiona tofauti, lakini mchana penye mwanga, kwa picha ya kuangaliwa kwenye simu, tofauti hailipi milioni mbili. Kwa hiyo mtu wa bajeti ya laki nane namwambia abaki na simu kwa kazi za mfukoni, na pesa zake aziweke kwenye DSLR iliyotumika, lenzi ya 35mm f/1.8 yenye mota, na betri moja ya akiba. Aliyekwisha kuwa na DSLR na anaona anaiacha nyumbani siku nyingi kuliko anazotoka nayo, huyo ndiye wa kufikiria Ricoh.

Mtoto wa dada yangu, anayesoma chuo, ameshanisikiliza. Bado anakusanya pesa za D3300, anatafuta isiyofika mara 30,000. Kontena la plastiki, silika na kipimo cha unyevu ameshanunua, viko juu ya kabati vinasubiri, na juzi kipimo kilisoma 46.